Mwalimu Mpya Akomaa Namna Gani?

Mtu akiona kijana mwenye diploma anaingia kalasi mara ya kwanza, anafikiri ile kazi ni nyepesi: chaki, kitabu, basi. Sivyo hata kidogo. Mimi nilijifunza ualimu huku kwetu Kasongo, katika umanite pedagojike. Nataka kuwaambia mambo matatu yanayovuta moyo wa mwalimu mpya huku na huku.

La kwanza ni luga. Huku kwetu Kiswahili si cha jana: kiliingia pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, karne ya 19, na mtoto anakijua mbele ya kwenda masomo. Programu ya serikali inataka mtoto aanze kwa luga ya nchi, kisha Kifaransa kifuate. Lakini sisi, fishi zetu tuliziandika kwa Kifaransa. Siku ya staji unasimama mbele ya watoto 60, unasema sentensi yako nzuri, nao wanakutazama tu, kimya. Unarudilia kwa Kiswahili, saa inapita. Na mwalimu mwenye kalasi yuko nyuma anaandika katika daftari!

La pili ni kritiki. Kisha lesoni, wenzako wanakaa na kukuhukumu: sauti ndogo, maandiko ya ubao yamepinda, watoto wa nyuma hawakuulizwa kitu. Wengine kati yetu walilia. Siku moja mwalimu mzee akatuambia: "Wanangu, kritiki si matusi. Aliyekaa nyuma anaona mgongo wako. Wewe huwezi kuuona." Toka siku ile tulipatana kwamba kila mmoja, mbele ya kusema ubaya, ataje jambo moja atakaloiba kwa mwenzake. Woga ukapungua. Kwa njia hiyo niliiba kwa dada mmoja namna ya kufundisha kujumlisha na kutoa kwa kokwa za ngazi. Hata leo watoto wangu wanahesabu hivyo.

La tatu ni tumbo, na hili ndilo gumu kupita yote. Toka miaka ya 1990 wazazi ndio walimlisha mwalimu kwa ile prime. Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi ya bure, na prime ikakatazwa. Ni neema kwa watoto, sikatai. Lakini mwalimu mpya ambaye jina lake halijafika kwenye listi ya mshahara Kinshasa, atakula nini? Mimi pia nilingoja. Ndipo rafiki yangu wa staji akanitumia neno toka Salamabila, upande wa Kabambare, kwenye dhahabu: "Acha chaki, njoo tuchimbe." Simlaumu, ana mke na watoto. Juma mbili sikulala vizuri.

Sikubaki kwa ushujaa. Yule mzee aliniuliza: "Una shamba?" Nikasema hapana. Akasema: "Lima kwanza, halafu ndio uamue." Tukalima mpunga na mihogo, mimi na mke wangu. Walimu wapya watano tukaanzisha likelemba: kila mwezi mmoja wetu anashika pesa ya wote. Haikutosha, lakini tulikula. Na mwisho wa mwaka, watoto wa mwaka wa pili walikuwa wanawasomea mama zao barua. Wawili kati yetu watano walikwenda machimboni. Watatu tungali kalasini.

Ninyi wa machimboni mnajua vizuri mvuto huu. Basi wazazi, msimcheke mwalimu mpya mbele ya mtoto. Mwulizeni kama amekula. Direkta, umpe mzee mmoja wa kukaa karibu naye mwaka wa kwanza. Na wewe kijana wa staji, usibebe taabu yako peke yako. Wenzako wanaibeba ileile. Kaeni pamoja, mzungumze.