Jina Lililokwenda Angani

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Nami kila nikiikumbuka methali hiyo, huwaza juu ya jina moja lenye asili ya Kiswahili lililopelekwa mbali kuliko majina yetu mengine yote: hadi angani, tena katika karne ya 23. Jina hilo ni Uhura.

Msomaji atasema kuwa neno hilo halimo katika kamusi. Ni kweli. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa Star Trek, hadithi ya mabaharia wanaosafiri baina ya nyota. Miongoni mwa maofisa wa chombo chao alikuwamo mwanamke mweusi, Luteni Uhura, mkuu wa mawasiliano. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Gene Roddenberry, mbunifu wa mchezo huo, akalipenda neno hilo. Nichols akashauri lilainishwe mwishoni, lifae kuwa jina la mwanamke.

Kiswahili hakina haja ya kulainisha neno kwa ajili ya wanawake. Uhuru wa mke na wa mume ni mmoja. Lakini bahati ina mambo yake. Kiarabu, ambako tulilipata neno lenyewe, humwita mwanamume asiye mtumwa hurr, na mwanamke hurra. Kumbe herufi ile iliyobadilishwa ililirudisha neno karibu na kwao.

Jina hilo halikuzuka katika wakati mtupu. Tanganyika ilikuwa imejitawala mwaka 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963. Huko Marekani, sheria ya kulinda haki ya Weusi ya kupiga kura ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Na mwaka huohuo wa 1966, katika jiji la Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba inayotajwa kwa Kiswahili. Watu ambao wazee wao walinyang'anywa lugha zao walikuwa wakitafuta maneno ya kujiitia, na mengi waliyoyachukua yalikuwa yetu.

Katika kipindi cha kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, Uhura anakutana chomboni na kijana mweusi anayemsemesha kwa Kiswahili. Kijana huyo si mtu. Ni zimwi lenye kujigeuza, nalo limemjia katika sura ya mtu aliyekuwa akimuwaza. Tukio hilo hunifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Lugha yetu ilisikika huko juu siku ya kwanza kabisa. Lakini ili mwanamke yule apate wa kusema naye, ilibidi aje zimwi.

Upweke huo ulikuwa na ukweli wake nje ya mchezo. Nichols alichoshwa na maneno machache aliyopewa kusema, akataka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemweleza kuwa kwa mara ya kwanza Weusi walikuwa wakionekana kama watu wenye elimu na heshima katika wakati ujao. Akabaki. Mwaka 1977 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilimtumia kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Kundi la watu 35 lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na wanawake sita na Wamarekani weusi watatu. Mmoja wao, Guion Bluford, aliruka mwaka 1983. Mwingine, Ronald McNair, alifia katika chombo cha Challenger mwaka 1986. Na Septemba 1992 akaruka Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, ambaye utotoni alimtazama Uhura akajiona.

Wapo wanaosema kuwa hadithi za namna hii ni mchezo wa watoto. Mimi ni mwalimu, na niliwahi kuwapa wanafunzi wangu insha juu ya maisha ya mwaka 2100. Waliandika vizuri, kwa Kiswahili safi. Lakini katika insha nyingi nahodha wa chombo aliitwa John au Smith. Juma na Mwanaisha walibaki chini, wakipunga mikono. Hakuna aliyewafundisha kuandika hivyo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtoto asiyejiona katika kesho aliyoibuni mwenyewe, ataidai vipi ile ya kweli?

Wala tusidai kuwa jambo hili ni geni kwetu. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, miaka 15 kabla ya Uhura. Humo Karama anashtakiwa kwa sababu anataka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mzee wetu alijua kwamba nchi ya kubuni humpa mtu nafasi ya kusema yale ambayo nchi halisi haijawa tayari kuyasikia. Alitangulia kutuonyesha njia. Tuliomfuata tumeipita kwa nadra.

Nichols alifariki mwaka 2022. Alilibeba jina letu kwa heshima, nasi tuna deni kwake. Deni hilo halilipwi kwa kumsifu tu. Hulipwa kwa kumwandikia wenzake: manahodha, mafundi na waganga wa anga wenye majina ya nyumbani, ili siku nyingine Uhura akisemeshwa kwa Kiswahili huko nyotani, anayemsemesha awe mtu.