Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Tunapotaka kukipima Kiswahili aghalabu hukipeleka kwenye ushairi, au kwenye sayansi, tukauliza iwapo kina maneno ya kutosha. Mwaka huu nimekipima mahali pengine kabisa: katika maandalizi ya safari ya mbali, yenye ndege mbili za kwenda na mbili za kurudi, na kitanda cha kulipia katika mji nisioujua. Nimeona kwamba maneno tunayo. Kinachopungua ni mazoea ya kuyatumia penye fedha na penye hatari.

Mimi na mke wangu tunakusudia kwenda London mwezi Juni. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na tangu nilipokuwa chuo cha ualimu nasikia kwamba karatasi za W. E. Taylor, zenye tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa alizozikusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Miswada mingi ya chuo hicho huonekana leo kwenye intaneti, lakini mtu aliyesomesha mashairi maisha yake yote hutamani kuuona wino wenyewe. Mwenzangu hana haja na miswada. Yeye anataka kupanda basi jekundu la ghorofa, akae juu, kiti cha mbele. Haja zote mbili ni halali, na zote zinachota katika mfuko mmoja wa kiinua mgongo, ambao hautajazwa tena.

Lipo jambo zito zaidi. Mimi nina shinikizo la damu, naye Kiingereza chake ni cha salamu. Watoto waliposhauri tumwachie wakala kila kitu, yeye aliuliza swali moja: "Mwalimu, ukianguka njiani, mimi nitajua tuko wapi?" Tangu siku hiyo tuliafikiana kwamba hakuna karatasi itakayoingia begini kabla haijaandikwa upya kwa Kiswahili katika daftari, kwa maneno aliyoyakubali yeye. Neno asiloweza kumweleza jirani, tunalifuta.

Tulianza na viza. Uingereza hudai kwamba hati isiyo ya Kiingereza wala ya Kiwelisi iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kuwa tafsiri yake ni sahihi. Barua yetu ya serikali ya mtaa ilikuwa ya Kiswahili kitupu, ikabidi itafsiriwe. Jambo hilo halikuniudhi; lilinifunza. Ikiwa serikali ya mbali haikubali kuamua juu ya maandishi isiyoyaelewa, kwa nini sisi tulipie tiketi ya maandishi tusiyoyaelewa? Nauli tuliilipa viza zilipokwisha kutoka, na baada ya kila mstari wa tiketi kupita katika daftari.

Kutoka Dar es Salaam njia nyingi za kwenda London hupitia mji wa kati: Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Nairobi. Wakala aliliita jambo hilo "kuunganisha ndege". Mke wangu aliyapima maneno hayo akayakataa. Vinavyounganishwa, alisema, ni mabehewa. Yeye ni mtu wa Pangani, na miaka tuliyoishi Moshi, kila alipokwenda kwao alishuka Segera akapanda gari jingine. Basi daftari letu linasema: "Addis Ababa ndiyo Segera. Tunashuka, tunabadilisha ndege."

Picha hiyo ilizaa swali la maana: na mizigo je? Ndege zote mbili zikiwa katika tiketi moja, kwa kawaida begi hukabidhiwa Dar likapokewa London, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nafasi nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa ajili ya unafuu, ndege ya pili haina habari nawe. Tulichagua tiketi moja. Na kati ya kusubiri Addis kwa dakika hamsini na kusubiri kwa zaidi ya saa tano, tulichagua kusubiri kwingi, kwa kuwa miguu yetu si ya kukimbizana na milango.

Ndipo tulipoifikia saa. Tiketi inasema tunaondoka Dar Alhamisi 16:45, tunafika Addis 19:40, tunaondoka tena Ijumaa 01:15, tunafika London 06:40. Msomaji anajua kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa za tiketi huanza katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita, na uzuri wake ni kwamba ukitoa sita au ukiongeza sita, katika uso wa saa mshale huangukia palepale. Hivyo 16:45 ni saa kumi na dakika arobaini na tano jioni, na 01:15 ni saa saba na robo usiku. Waethiopia nao huhesabu saa zao kuanzia asubuhi kama sisi, na saa ya Addis ni sawa na ya Dar. Lakini mbao za matangazo katika uwanja wa ndege hufuata saa ya tiketi. Kwa hiyo tumeandika: "Mtu wa Addis akikutajia saa, muulize ni saa ya nani."

London kwenyewe, mwezi Juni, saa iko nyuma ya yetu kwa saa mbili, na jua huzama baada ya saa tatu usiku. Mke wangu alicheka sana aliposikia. Hesabu yetu ilizaliwa karibu na ikweta, ambako jua hushika ahadi mwaka mzima. Huko kaskazini "jioni" na "usiku" itabidi tuzisome kwenye saa, si dirishani.

Lakini swali lililotukalisha zaidi lilikuwa lake: "Hii Ijumaa ya saa saba usiku ni Ijumaa gani?" Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa mazoea ya wengi wetu leo, hasa tuliotoka bara, "Ijumaa usiku" ni baada ya mchana huo. Mimi ni wa Upare, yeye ni wa Pangani. Nyumba ni moja, neno ni moja, na kati yetu pana saa 24 nzima. Anayeisubiri ndege ya 01:15 Ijumaa usiku ataikuta imekwisha kwenda na kurudi.

Hata hivyo Kiswahili kiliuona mtego huo zamani na kuutegua, kwa kuupa usiku jina la asubuhi itakayomwamsha mtu: usiku wa kuamkia Ijumaa. Sijaona tiketi yenye maneno sahihi kuliko hayo. Nilimtungia ubeti wa kukumbukia, naye ameuhifadhi:

Tazama yako tiketi, saa ipunguze sita,
Usiku wa katikati, siku mpya yafuata,
Na mapema jizatiti, usije kuta yapita,
Ndege yenda kwa wakati, haingoji wa kujuta.

Maneno hayohayo ya kuamkia ndiyo yaliyotuokolea malazi. Nilipomwambia nimepata hoteli, aliniuliza kama ni ya kula au ya kulala, kwani kwetu hoteli ni pale penye chapati na maharage. Daftarini tumeandika "nyumba ya kulala". Iko karibu na Russell Square, jirani na SOAS. Vyumba hutolewa kuanzia saa tisa alasiri, nasi tunatua Heathrow saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, bila kuwa tumelala. Watu wengi hukodi chumba kuanzia Ijumaa kwa sababu wanafika Ijumaa, kisha hukaa na mabegi yao kwenye ukumbi hadi alasiri. Vijana wanaweza. Sisi tumelipia usiku wa kuamkia Ijumaa, ingawa tutakuwa angani, ili kitanda kiwe tayari tukifika. Tumewaandikia pia wenye nyumba kwamba tutaingia asubuhi, kwa maana mgeni asiyeonekana usiku wa kwanza aweza kuhesabiwa kuwa hakuja, chumba kikapewa mwingine. Tutalala mara tisa, tutalipia mara kumi. Wa kumi ni bei ya afya yangu.

Daftari limefika kurasa kumi na moja, nakala mbili. Moja ni ya mkoba wake, moja ni ya mfuko wangu. Juma lililopita nilimwomba anisimulie safari yote bila kulifungua. Alianza mlangoni petu, akapita jengo la tatu la uwanja wa Dar, akashuka Addis na kuuliza saa ni ya nani, akaamkia Ijumaa hewani, akatoka Heathrow kwa treni ya Piccadilly hadi Russell Square bila kubadilisha, akaishia kitandani. Hakukosa hata kituo kimoja.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, mimi nikianguka, unajua dawa zako nimezitia mfuko gani?"

Ukurasa wa kumi na mbili tuliuandika usiku uleule.