Ritifaa ya Mtaa wa Narung'ombe

Mama yule aliingia ofisini kashika risiti kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba panya kwa mkia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akajipepea kwa mtandio. Alikuwa ametembea kutoka Mnazi Mmoja na jua lote lile. Ndipo akauliza, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, nani kakwambia mzigo wangu ni wa mume wangu?"

Ngoja kwanza nieleze hiyo ofisi. Ni chumba kimoja pale Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Wakala wa mizigo ya mikoani. Wafanyabiashara wananunua jumla, wanafunga marobota, sisi tunapakia kwenye lori la Mwanza au la Mbeya. Miaka yote mambo yalikwenda kwa daftari, mpaka nikapewa kazi ya kuandika mfumo. Nikachagua Laravel, zana za kujengea tovuti zilizotolewa na Mmarekani Taylor Otwell mwaka 2011, kwa sababu uhakiki wa fomu humo ni rahisi kiasi cha kukulewesha. Unaandika jina la kisanduku, mbele yake unaweka masharti: 'required', yaani kisiachwe wazi; 'alpha', yaani kipokee herufi tu. Basi. Fomu isiyotimiza masharti inarudishwa kwa mwenyewe na maandishi mekundu.

Kwenye namba za simu nilikaza, na sijutii. Ukitoa ile 255 ya nchi, au sifuri ya mwanzo, lazima zibaki tarakimu tisa. Ikipungua moja, mzigo ukifika hakuna wa kumpigia.

Kwenye majina nilifanya uvivu. Jina la kwanza herufi tu, la kati herufi tu, la ukoo herufi tu. Nilijaribu kwa jina langu, likapita. Nikajaribu la bosi, likapita. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Jina la ukoo la mama huyu linaanza na Ng', kama majina mengi ya Usukumani. Sasa, kwa macho ya Laravel, ile ritifaa si herufi. Ni takataka iliyoangukia kwenye jina. Kijana wa kaunta alijaribu mara tatu, mara tatu fomu ikamrudishia wekundu, na nyuma foleni inasukumana, makuli wanapiga kelele wapishwe. Akafungua daftari la zamani, akaitafuta namba ya simu ya mama, akakuta imeandikwa kwa jina la mume, toka enzi wakifanya biashara pamoja. Akaandika hilo. Fomu ikapokea.

Mwanza wakataka kitambulisho. Jina halikulingana na la kwenye mzigo, na aliyekuwa zamu alifuata utaratibu. Ilibidi mama ampigie simu mwanaume waliyeachana, aje na kitambulisho chake kuchukua marobota matatu ya vitenge ambavyo hakuvichangia hata shilingi. Akaja. Akachukua matatu, akampa mama mawili.

Nilitaka kusema "mfumo ulikosea". Maneno yalishafika mdomoni. Lakini mfumo haukukosea hata kidogo, ulifanya nilichouambia. Mimi ninayejidai kupenda Kiswahili, ninayejua kwamba ngoa ni wivu na ng'oa ni kuchomoa, niliandika sheria inayosema ng' haimo katika lugha yetu.

Bosi alimlipa mama lile robota, akalikata kwenye hela yangu miezi mitatu. Haki yake.

Usiku ule nilipitia visanduku vyote. Eneo: Kariakoo, linapita. Na Kariakoo ni Carrier Corps ya Waingereza, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyotafunwa na vinywa vya watu wa Dar mpaka ikawa neno letu. Mitaa: Livingstone, unapita. Aggrey, unapita. Lumumba, Congo, inapita. Narung'ombe, umekataliwa. Nilicheka peke yangu, si kwa furaha. Mskoti, Mghana na Wakongo walipita getini kwangu bila swali, ng'ombe wakabaki nje.

Nikaruhusu ritifaa. Nikakumbuka pia kwamba iPhone hupenda kuipinda yenyewe, ikawa alama nyingine kabisa machoni pa kompyuta ingawa kwetu sisi ni ileile, nikaruhusu na hiyo. Kisha nikageukia yale maandishi mekundu, na hapo ndipo nilipopoteza siku mbili. Laravel inakupa sentensi moja yenye tundu, jina la kisanduku linachomekwa humo. Kwa Kiingereza hakuna shida. Kwa Kiswahili jina lazima *liwe*, namba lazima *iwe*, mtaa lazima *uwe*, kituo lazima *kiwe*. Chomeka tu uone: "Jina lazima iwe na herufi tu." Mtalii wa wiki ya kwanza huyo. Wapo wanaokwepa kwa kuanza na "Sehemu ya", ili kila kitu kifuate ngeli moja. Mimi niliandika ujumbe wa kila kisanduku kwa mkono, na lile "lazima" nikalitoa. Kwa kaunta ya Kariakoo nani humwambia mteja lazima? "Samahani, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye kitambulisho." Ndivyo linavyosomeka mpaka leo.

Miezi miwili baadaye mama alirudi, na binti yake. Safari hii walijaza wenyewe, kwa iPhone ya binti. Jina likapita mara ya kwanza. Nikasimama pembeni ya mashine ya risiti nikisubiri sifa zangu.

Risiti ikatoka. Mama akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akanikabidhi. Mashine yetu ile ndogo haiijui ritifaa iliyopinda. Ilipofika kwenye jina lake ilikuwa imechapa N, g, halafu alama ya kuuliza.

"Leo imelikubali," akasema, "ila bado ina wasiwasi."

Akaniomba kalamu.