Kabla ya Roma, Pitieni Kolo

Kila mtu ana shoga au mshikaji anayeota kwenda Italia. Ukimsikiliza utadhani keshakata tiketi: gari la kukodi, asubuhi Roma, jioni Florence, kesho yake Venice, mpenzi pembeni, muziki laini. Ndoto nzuri, wala siicheki. Lakini kwa sisi wa Babati, mfuko ukisema hapana, ipo barabara inayopita hapa hapa mjini yenye historia ya kumfanya hata Mwitaliano ashushe kioo cha gari.

Ni ile ya kwenda Dodoma, kipande cha Barabara Kuu ya Kaskazini iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Zamani ilikuwa vumbi na mashimo. Tangu lami ilipozinduliwa mwaka 2018, kilomita kama 250 zinakatika kwa saa chache tu. Mimi na mke wangu tunaijua vizuri. Yeye ni mtumishi wa wizara, alihamia Dodoma serikali ilipoanza kupeleka watumishi wake huko. Mimi kazi yangu iko Babati. Ni mke na mume wa wikiendi: Ijumaa basi, Jumapili basi, Jumatatu kila mtu na uchovu wake.

Julai iliyopita tuliazima gari la shemeji, tukapanga kuipita njia hiyo polepole, na tukiwa njiani tuzungumze lile jambo ambalo kwenye simu huishia kwenye kununa: nani amfuate mwenzake?

Tuliondoka Jumamosi alfajiri na majaketi, maana Julai ya Babati si mchezo. Tukasimama kidogo Ziwa Babati kuwaangalia viboko, tukapita Bonga, kisha milima ya Bereko. Mpaka hapo mazungumzo yalikuwa ya bei ya mafuta. Si unajua, jambo zito huwa halina pa kuanzia.

Kolo ndipo tulipozima gari. Pale kuna ofisi ya Mambo ya Kale. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Baada ya hapo ni njia mbovu, halafu mlima kwa miguu hadi Mongomi wa Kolo. Juu, chini ya mwamba ulioinama kama paa, ndipo yalipo maonyesho: watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, vyote kwa rangi nyekundu.

Michelangelo alimaliza kuchora dari la Sistine mwaka 1512. Michoro ya Kondoa ilichorwa kwa kipindi kisichopungua miaka 2,000, kwenye miamba zaidi ya 150, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Tena si makumbusho yaliyokufa. Hadi leo baadhi ya miamba hiyo wenyeji huitumia kwa matambiko ya mvua na uponyaji.

Kuna mchoro mmoja maarufu wa watu watano, katikati anaonekana mwanamke, wengine wamemshika huku na huku. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya huku mwaka 1951, aliuona kama utekaji. Wataalamu wengine wanasema ni ngoma ya tambiko.

"Wanamteka huyo," nilisema.

"Au wanacheza," mke wangu akajibu. Akanyamaza, halafu akasema taratibu, "Ila kama anavutwa, basi namjua. Babati huku, Dodoma kule."

Mwongozaji akacheka. Mimi sikucheka.

Tuliteremka hadi Kondoa mjini kwa chakula cha mchana. Mji huu umetulia, lakini usidanganyike. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walipigana hapa kuunyakua tena kutoka kwa majeshi ya Afrika Kusini ya van Deventer, wakashindwa. Mbele ya wali na nyama nasi tukaanza vita vyetu. Nilisema kazi yangu haihamishiki kirahisi. Akauliza, "Umewahi kuomba?" Yeye alishaandika barua mbili za uhamisho. Mimi, hata moja.

Kutoka pale hadi Dodoma hakuna aliyewasha redio. Tulizungumza yote: kodi za nyumba mbili, mtoto tunayemtaka, mama yangu anayeumwa Babati, cheo anachokisubiri yeye. Jioni, tukila zabibu za Dodoma, tukakubaliana: kila mmoja ataandika barua moja, zitumwe siku moja, na itakayojibiwa kwanza ndiyo itakayoamua mji. Zangu na zake sasa ziko mezani kwa wakubwa.

Nanyi mkitaka kwenda, chagueni Juni hadi Oktoba, kabla mvua haijajaza mito ya mchanga. Vaeni viatu vya kupandia, bebeni maji ya kutosha, msishike michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Laleni Kondoa mkiweza, msiharakishe.

Na jambo lenu gumu libebeni. Kwenye kiti cha mbele mtu haondoki mezani wala hakati simu, na macho yote yako barabarani. Bei yake? Tangi moja la mafuta na kiingilio cha Kolo.