UBUYU WA LEO: TIKETI ZA VIP ZA SUPASTAA ZILIGOMA, KISA MZAZI NA MTOTO

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Yupo msanii mmoja mkubwa hapa mjini, jina kapuni, nyimbo zake mmezicheza sana. Meneja wake alinipa kazi ya kumalizia mfumo wa tiketi za shoo ulioanzwa na kijana mmoja mwenye digrii. Mimi ni form four, Java nimejifunza kwa bando la usiku. Jamaa akaandika kwenye grupu lao kwamba form four hawezi hata kuisoma kazi yake. Na hela yangu ilikuwa inategemea VIP zianze kuuzwa kabla ya Ijumaa.

Nikaisoma. Alikuwa ametumia bilda. Yaani badala ya kurundika vitu nane kwenye konstrakta moja mpaka hujui cha tatu ni bei au siti, unataja kimoja kimoja, jina, bei, tarehe, halafu mwisho unaita jenga(). Kama unavyoagiza chipsi: weka yai, weka kachumbari, haya funga.

Sasa shida. TiketiVip imerithi Tiketi, na bilda yake imerithi bilda ya mzazi. Ukiandika .jina("Asha").meza(4) kompaila inagoma, inasema meza haiijui. Sababu ni kwamba jina() iliandikwa kwa mzazi, na imeahidi kurudisha bilda ya mzazi. Kitu chenyewe bado ni cha mtoto, lakini kompaila inaangalia ahadi tu.

Jamaa alikwepa kwa kunakili kila metodi ya mzazi kwa mtoto ili irudishe aina ya mtoto. Java inaruhusu hivyo tangu toleo la 5, mwaka 2004. Lakini baadaye meneja alitaka namba ya simu ya mnunuzi, ikaongezwa kwa mzazi, kwa mtoto ikasahaulika. VIP zikagoma hapo hapo. Digrii hiyo jamani!

Dawa yake:

abstract static class Bilda<T extends Bilda<T>>

Mtoto anamtajia mzazi aina yake mwenyewe, na metodi zote za mzazi zinarudisha T. Huwezi kurudisha this moja kwa moja, maana ndani ya mzazi this ni Bilda, siyo T. Ndiyo unaweka kametodi kadogo, mimi() nimekaita, mzazi anakaacha bila mwili, mtoto anakajaza kwa return this. Basi. Joshua Bloch kaeleza hii kwa mfano wa piza kwenye toleo la tatu la Effective Java, 2018. Nilifuta zile nakala zote, Alhamisi VIP zikaingia sokoni, nikalipwa. Jamaa alitoka kwenye grupu bila kuaga.

Ila msikimbilie kuiweka kila mahali. TiketiVip naye akizaa mtoto, bilda yake inabidi ibebe T pia, na hapo mabano yanakuwa mengi hadi macho yanauma. Kwa aina mbili tu za tiketi, mimi ningeweka VIP kama kitu ndani ya Tiketi, nisirithishe kabisa.

Mwenye njia fupi zaidi aimwage hapo chini. Wa Lombok na @SuperBuilder yenu, nawajua, hiyo haihesabiki.