Ushindi wa Shilingi

Habari ni kama nyumba yenye milango mingi: mwandishi hutuingiza kwa mlango autakao, nasi aghalabu hudhani kwamba hapana mlango mwingine. Jambo hili nililijua kwa fedheha yangu mwenyewe.

Mwezi wa Machi 2024, gazeti moja lilitangaza katika ukurasa wake wa biashara, kwa herufi nene, kwamba shilingi yetu imepata ushindi. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwezi wa Januari dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 160. Mwezi wa Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ili ipunguze deni la mwaka 2014 lililokuwa likidaiwa mwezi wa Juni. Hofu ya wafanya biashara ikatulia, na kabla ya Machi kwisha dola ilikuwa imeshuka hata kukaribia shilingi 130. Niliandika neno "ushindi" ubaoni, na darasa likashangilia.

Jumamosi nilikwenda kumwamkia mama, mwenye shamba dogo la chai, nikamsomea habari ile kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatua kikapu chake, akauliza, "Mwanangu, shilingi imemshinda nani?"

Nilikosa jibu. Chai ya wakulima wetu huuzwa mnadani Mombasa kwa dola, na mkulima hulipwa kwa shilingi. Tukafanya hesabu pamoja. Kilo moja ikiuzwa dola 2, kwa dola ya shilingi 160 huleta shilingi 320. Kwa dola ya shilingi 130 huleta 260. Majani ni yale yale, na mgongo uliouma ni ule ule, lakini shilingi 60 zimekwenda.

"Basi," alisema mama, "iliyoshindwa ni karo ya mdogo wako."

Si haki kusema kwamba gazeti lilisema uongo. Mbolea na mafuta hutoka ng'ambo, na shilingi yenye nguvu huweza kupunguza bei yake. Mama naye hununua mbolea. Deni la taifa lililo katika dola nalo huwa jepesi likihesabiwa kwa shilingi. Ila lilikuwa katika neno moja. "Ushindi" ni neno la mtu aliyesimama upande mmoja wa uwanja. Mwandishi alinukuu maneno ya wenye mabenki na waagizaji wa bidhaa. Hakumwuliza mchuma chai. Walakini kosa langu lilizidi lake, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mchuma chai, na chuoni nilifunzwa kupima neno kabla ya kulifundisha.

Jumatatu nililifuta neno lile mbele ya darasa, nikaeleza sababu. Kijana mmoja, ambaye baba yake huuza vipuri vya magari, alisema kwamba kwao ni ushindi kweli. Msichana mmoja, ambaye dada yake huwapelekea dola kutoka Marekani, alisema kwamba kwao ni hasara. Wote wawili walisema kweli.

Nanyi, vijana, mkutanapo na habari ya fedha iliyovikwa neno la furaha au la msiba, msiikatae wala msiishangilie upesi. Ulizeni kwanza kama alivyouliza mama: nani amepata, na nani ametoa?