NESI NA MAMA, SEHEMU YA 14: Kichwa cha mfalme na kichwa cha mwanao

Mnaonifuata hapa mnajua nina ugonjwa wa sarafu za kale. Sizinunui, mshahara wa nesi mnaujua! Naangalia tu picha zake za makumbusho.

Ninazozipenda zaidi ni za Wahunni wa Alkhoni (siyo wahuni wa mtaani, jamani), waliotawala sehemu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini mwa India miaka ya 400 na 500. Waliiga sarafu za fedha za Waajemi: huku mfalme, kule madhabahu ya moto na walinzi wawili. Utazitambuaje? Tafuta alama ya ukoo, kama chapa ya ng'ombe. Angalia maandishi ya Kibaktria, yenye herufi za Kigiriki. Halafu angalia kichwa. Cha mfalme Khingila kimerefuka kwenda juu kama yai. Ukiona taji lenye kichwa cha nyati, hao ni Wahunni wengine, Wanezaki. Baada yao Kabul ikashikwa na Waturuki, miaka ya 600, nao wakapiga sarafu zao.

Kichwa kile mtu hazaliwi nacho. Kilifungwa vitambaa akiwa mchanga. Mifupa ya kichwa cha kichanga haijaungana, ili apite njia ya uzazi na ubongo upate nafasi ya kukua. Ukikibana kila siku, kinafuata mkono.

Sasa mama, wewe humwandai mwanao kuwa mfalme wa Wahunni. Akizaliwa kichwa kimechongoka, mara nyingi kinakaa sawa chenyewe ndani ya siku au wiki chache. Bibi akitaka kukikanda, mwambie kwa adabu: "Bibi, tumwogeshe tu, kichwa kitakaa chenyewe." Kikibonyea upande mmoja, mbadilishie upande anaogeukia. Usiku alale chali. Mchana akiwa macho, mlaze kifudifudi kidogo ukimwangalia. Kisipobadilika, tuonyeshe kliniki.

Na utosi je? Ukidumbukia huku anaharisha au hanyonyi, usipake dawa yoyote pale juu. Ni maji yamepungua mwilini, mlete hospitali. Ukivimba na ana homa, mlete usiku huohuo, usingoje kupambazuke.

Mwisho, sarafu za nyumbani weka juu. Mtoto hatambui mfalme wala rais, yeye anameza tu. Hilo ndilo la sehemu ya 15.